Majenerali Wakipatana, Askari Wawepo

Aprili 1876 Mirambo, mtemi wa Urambo, alikutana na Henry Morton Stanley katika kijiji kikubwa cha Wanyamwezi ambacho mgeni huyo alikiandika kwa jina la Serombo. Hawa hawakuwa marafiki. Mwaka 1871 Stanley alishika bunduki upande wa Waarabu wa Tabora walipokwenda kumpiga Mirambo, na jeshi hilo likachapwa likatawanyika. Kwa hiyo Stanley alikuwa akijiandaa kuonana na jambazi mkatili. Aliyemkuta ni kijana mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini na adabu zake.

Wakachanjiana. Manwa Sera, nahodha wa msafara wa Stanley, akawachanja chale mguuni, damu ya huyu ikatiwa kwa yule, kisha akatamka laana kwa atakayeuvunja undugu huo. Mojawapo ilikuwa bunduki yake impasukie mkononi. Wakapeana zawadi, Stanley bastola, Mirambo ng'ombe, wakaagana kama watoto wa mama mmoja.

Naipenda sana habari hiyo, hasa kwa kuwa nchi ile ya Mirambo na ya Watuta wa Runzewe waliomfunza vita ndiyo hii tunayopita kila siku kutoka Kahama kwenda Bukombe. Ila kila nikiirudia nawatafuta ruga-ruga, yaani askari wa Mirambo, na wapagazi, wale waliopigwa na kuzikana mwaka 1871, nione nao walipatanishwa na nani. Siwaoni. Undugu ulikuwa wa wawili. Mwaka 1880 askari wa Mirambo waliwaua Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, huko Mpimbwe, na mtemi akalazimika kujieleza kwamba hakukusudia. Alipofariki Desemba 1884, dola yake nayo haikudumu.

Nimeyakumbuka haya machimboni Nyarugusu, ndani ya banda la video. Wanaoishi machimboni wanajua mabanda hayo: mabati, mabenchi ya mbao, jenereta linanguruma nje, na filamu ya kigeni ambayo mtafsiri ameifunika kwa sauti yake mwenyewe. Siku hiyo ilikuwa filamu ya vichekesho ya majeshi ya angani. Majenerali wawili wa sayari mbili hawataki kukaa meza moja, kila mmoja anadai kiti chake kiwe juu zaidi, na wasaidizi wao wanahangaika kupima miguu ya viti kwa mitambo ya ajabu. Mtafsiri hakuhangaika na majina ya sayari. Mmoja alimfanya Mhehe, mwingine Mngoni, basi. Banda zima likaelewa kila kitu. Wachimbaji waliotoka zamu na vumbi la mawe usoni, Wasukuma, Waha, Wazinza, Wakurya, walicheka mpaka jenereta halikusikika.

Mtafsiri yule alijua alichokifanya. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880, na hakuna aliyemmaliza mwenzake. Leo ni watani. Mhehe akifiwa, Mngoni anafika msibani, anamsema marehemu mbele ya wafiwa, anadai ubani wake, watu wanacheka na machozi yakiwa mashavuni. Na huyo huyo anashika jembe kwenda kuchimba kaburi. Utani una kazi ndani yake. Hiyo ndiyo sehemu tunayoisahau siku hizi tunapoufanya kuwa matusi ya mitandaoni tu: anayekucheka anawajibika kukuzika.

Sisi wa Usukumani tuna shule nyingine kubwa zaidi, nayo ni ngoma. Mapokeo yanasema katika karne ya 19 walikuwepo wachezaji wawili mahasimu, Ngika na Gumha, kila mmoja akijigamba kwamba dawa yake ndiyo inayovuta watu. Kwao wakatokea Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno, kuanzia Juni hivi, pande hizo mbili zinacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila manju, yaani kiongozi wa ngoma, na kundi lake, na hakuna jaji mwenye kalamu. Mshindi ni yule ambaye watu wamemkimbilia. Ndiyo maana kila upande unakuja na kituko chake: nyoka wa bayeye, wacheza nyoka, shingoni, vinyago vya mti vinavyochezeshwa kama watu, majembe ya bugobogobo yanayorushwa na kudakwa kwa pamoja. Padri David Clement wa Bujora hakuyapiga vita mashindano hayo. Aliyaingiza katika sikukuu ya Ekaristi, ikawa Bulabo, na mpaka leo umati unafurika pale Kisesa.

Hata gwaride la kijeshi limewahi kugeuzwa mchezo wa namna hiyo. Ngoma ya beni, iliyozaliwa pwani na kufika hadi Tabora, ilikuwa na vyama vyake viwili, Marini na Arinoti, kila kimoja kikiwa na majenerali wake, sare zake na hatua zake za kiaskari. Watu waliokuwa wamebeba mizigo ya vita ya wengine walijivika vyeo wenyewe na kushindana kwa unadhifu na tarumbeta. Naona heshima kubwa katika jambo hilo.

Angalia kinachotendeka uwanjani kwa Bagika na Bagalu. Hakuna anayeambiwa aache kuwa Mgika. Hakuna anayepiga magoti. Ushindani unabaki, tena unafurahiwa, ila unafanyika mbele ya macho ya wote, na umati ndio unaoamua. Ngika na Gumha sijasikia kama walipatana. Lakini wajukuu zao wamecheza pamoja zaidi ya miaka mia, na ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa pande mbili na jioni wakala chungu kimoja.

Machimboni tunafanya kinyume. Maduara mawili, yaani mashimo ya kuchimbia, yakikutana chini ya ardhi, ugomvi unaanza kwa wachimbaji gizani, wanatishana, wengine wanachoma moshi ili wenzao wakimbie. Watu wanaumia. Kisha wenye maduara wawili wanaitwa ofisini, wanasaini karatasi, wanapewa soda, wanapigwa picha wameshikana mikono. Vijana wao wako mita thelathini chini, hawajaambiwa neno. Wiki haipiti moshi umewashwa tena, na sisi waandishi tunaandika kwamba wachimbaji ni watu wa fujo.

Nimeshuhudia mara moja jambo likienda vinginevyo. Sitautaja mgodi. Wenye maduara wawili, wote Wasukuma, hawakusalimiana tangu masika, na kazi ilikuwa imesimama. Siku ya mgao, viroba vya mawe vimepangwa na karasha ya kusaga mawe inasubiri, akatokea mzee Mzaramo anayeuza vipuri vya mota. Mzaramo na Msukuma ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Akaenda moja kwa moja kwa yule mkubwa zaidi, akamvua kofia ngumu, akaivaa yeye.

"Mtani, nyie watumwa wangu mmechimba mpaka mkakutana, na bado mnatafutana?"

Kijana wa kazi asingeweza kusema hivyo. Mwenyekiti wa kijiji asingeweza. Mtani alisema, akadai jogoo kwa kila mmoja kabla ya kofia kurudi, na akataka kila mwenye duara aeleze, mbele ya watu wote, mpaka wake unaishia wapi. Wakaanza kwa hasira. Walipofika kwenye kuonyeshana kwa vidole mpaka ulio chini ya ardhi, huku mzee akipima kwa hatua zake kama ofisa wa madini, vijana waliangua kicheko, na yule mdogo akacheka pia. Makubaliano yalikuwa ya kawaida kabisa: njia iliyotoboka izibwe kwa magogo na viroba vya udongo, na mawe yaliyotoka hapo katikati yagawanywe nusu kwa nusu. Wachimbaji wa pande zote mbili waliyasikia kwa masikio yao, na ndio waliokwenda kuziba.

Wale wawili hawakuwa marafiki baada ya hapo, nami sikutarajia. Mmoja mpaka leo anapita mbali na duka la mwenzake. Lakini magogo yako palepale. Mwenye kutaka kuyatoa usiku atakuta vijana wa pande zote mbili wanajua yaliwekwa na nani, kwa nini, na jogoo waliliwa wapi.

Kwa hiyo maombi yangu kwa maofisa wetu wa wilaya ni madogo. Mkiwaita mahasimu wawili kusuluhishwa, ahirisheni soda za ofisini. Teremkeni nao hadi kwenye maduara, siku ya mgao, zamu zote mbili zikiwa juu, na mtafuteni mtani wao mapema.