Deni la Kijito

Chini ya shamba letu huko Ekerenyo kuna kijito unachoweza kukiruka bila kukimbia. Utotoni, tukitumwa maji, tulichelewa hukohuko: tunainua mawe kutafuta kaa, tunachota viluwiluwi kwa kikombe. Usiku vyura walipiga kelele mpaka wageni wa kutoka mjini wakalalamika.

Halafu mama akapanda mikaratusi ukingoni, ile tunayoiita blugamu. Mti huo hunywa maji mengi, hukua haraka, na wanunuzi hawakosi: kuni za viwanda vya chai, nguzo za stima, mbao. Ukiukata unachipuka tena. Ndiyo iliyonilipia karo ya chuo, masomo ambayo hata sikuyamaliza. Siku hizi wakati wa kiangazi kijito hubaki matope, na usiku ni kimya.

Mimi niko Nairobi. Ni rahisi kuhubiri mazingira ukiwa na mfereji jikoni. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaihesabu mito kuwa ardhi ya umma. Sawa, lakini umma haukuja kumsaidia mama na karo. Angefanyaje? Achague chura, mwanawe akae nyumbani?

Kwa muda mrefu nilidhani swali linaishia hapo: alikuwa na sababu, basi hana kosa, basi yameisha. Siku hizi naona hayo ni mambo mawili. Unaweza kukopa kwa sababu njema kabisa na bado ukadaiwa. Mama hana kosa, ila deni lipo. Chura hawezi kuja kudai, wala jirani wa chini ambaye maji hayamfikii tena. Anayedaiwa ni yule aliyekula mkopo. Yaani mimi.

Wangari Maathai, akipokea Tuzo ya Nobel mwaka 2004, alisimulia kijito cha utotoni mwake na viluwiluwi vyake, na jinsi kilivyokauka. Alikuwa na miaka 64 na bado alikuwa anakidai.

Desemba nilimwomba mama tung'oe safu iliyo karibu na maji, visiki na vyote. Akanitazama. "Na wewe, mwanangu, utakuwa unatuma ngapi kwa mwezi?"

Swali la haki. Nilitaja kiasi, kidogo, na mpaka sasa sijakosa mwezi. Safu ya kwanza imetoka. Vyura bado.