Mti Uhamishwao na Mlima Usiohamishika

Katika mashamba ya ngano na maharagwe ya Karatu, wazee wa Kiiraqw walimwomba Looaa, aliye jua na asili ya kheri. Na kaskazini ya kreta ya Ngorongoro, Wamasai hata leo huelekeza nyuso Oldoinyo Lengai, mlima wa volkeno ulio kwao maskani ya Mungu wao, Enkai, ambao wanawake wasiojaaliwa watoto huuendea kwa dua. Dini hizi hazikumtuma mjumbe kumvuta mtu wa mbali, kwani zimefungamana na ardhi yenyewe. Ndipo mkaazi wa nyanda hizi ana haki ya kuuliza iwapo utakatifu wa mahali waweza kuhamishwa.

Dini ya Buddha yajibu kuwa waweza. Mwasisi wake alipata nuru chini ya mti huko Bodh Gaya, Bara Hindi. Na katika karne ya 3 kabla ya Kristo mfalme Asoka, aliyejawa na majuto kwa damu aliyoimwaga Kalinga, aliyaeneza mafundisho hayo kwa wajumbe badala ya majeshi. Mapokeo ya Sri Lanka yasimulia kuwa binti yake, Sanghamitta, alichukua tawi la mti ule ule likapandwa Anuradhapura. Dini ikafika Uchina kwa njia za biashara, na Japani katika karne ya 6, kila kaumu ikiisoma kwa lugha yake, hata ilipofifia kwao Bara Hindi ikawa imekwisha kustawi ugenini. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wasinhala wa Sri Lanka waliokuja Dar es Salaam kutafuta riziki walijenga hekalu, wakapanda mti wa aina hiyo, ambao jani lake huishia kwa ncha ndefu nyembamba kama mkia wa panya.

Walakini mti kushika ardhi si dini kuenea. Mtawa wa Kibuddha, kwa desturi, hula alichopewa na waumini, na pasipo waumini wenyeji wa kumlisha, hekalu hubaki la wageni. Kwa hiyo lililo muhimu zaidi kwetu ni kwamba mwaka 2005 Mganda, Bhante Buddharakkhita, alianzisha kituo karibu na Entebbe, akifundisha watu wa kwao.

Basi kuenea si hoja ya ukweli wa dini, wala kukaa mahali pamoja si dalili ya unyonge. Ila wafuasi wa dini ya mahali huweza kuhamishwa: mwaka 1959 Wamasai waliondolewa Serengeti wakaletwa Ngorongoro, na tangu 2022 familia nyingi kutoka huko zimehamia Msomera, wilayani Handeni. Mche huchukulika mkononi, Lengai haichukuliki. Wapangao makazi ya watu na waandike katika hesabu zao, pamoja na ekari, visima na ng'ombe, mahali pa ibada pasipo na badala.