Jiwe Katika Maharagwe ni la Nani?

Mwezi huu twataka kunena neno dogo la jikoni, nalo ni kuchambua maharagwe. Labda wako watakaosema, Hiyo ni kazi ya akina mama, mchungaji ana shauri gani nayo? Twajibu kwamba shauri hili lilitujia kwa aibu, wala hatukulitafuta.

Sisi tukaao migombani katika Kilimanjaro, wengi wetu hulima maharagwe huko chini tambarare. Baada ya masika huyavuna, huyaanika, kisha huyapura kwa fimbo. Mtu akipura juu ya ardhi tupu, changarawe huzolewa pamoja na punje. Ungo huondoa makapi, kwa kuwa makapi ni mepesi. Lakini jiwe lenye uzito kama wa punje halipeperuki. Halina dawa ila jicho na kidole. Kwa hiyo mama hukaa mlangoni penye mwanga, akamwaga maharagwe kidogo kidogo katika ungo, akatoa mawe, na punje zilizosinyaa, na zenye ukungu, na zilizotobolewa na fukusi. Na mumewe akiuma jiwe wakati wa kula humgombeza, naye ndiye aliyeona uvivu kutandika turubai siku ya kupura!

Mwaka mmoja tuliuza madebe manne. Tulikuwa na haraka, maana ada ya shule ilidaiwa. Tulipokuwa tukiyatia guniani tuliziona changarawe, tukasema moyoni, Si neno. Kila anunuaye maharagwe ajua kwamba atayachambua. Pishi moja ilinunuliwa na bibi mmoja jirani yetu, mjane, mwenye mtoto wa jicho. Siku chache baadaye tulipita kwake, tukamwamkia, “Shikamoo, bibi.” Akaitikia, “Marahaba, baba mchungaji.” Akatuonyesha jino lililovunjika, wala hakuwa na hasira. Akasema, “Maharagwe yako ni matamu. Ila mimi siku hizi huchambua kwa vidole, na jiwe dogo lanidanganya.” Hakujua kwamba jiwe lile, au ndugu yake, sisi tuliliona kwa macho yetu.

Tangu siku ile tumeyafikiri sana maneno yetu yale. Je, yalikuwa uongo? Hapana, ni kweli kwamba kila mnunuzi huchambua, na hapo ndipo ulipo mtego. Uongo mtupu ungalituchoma mapema. Tulimwaza mnunuzi mwenye macho mazima na nafasi ya kutosha, tukamwuzia asiyekuwa navyo. Tena changarawe ilijaza pishi mahali pa maharagwe, nasi tukaipokea fedha yake. Nabii Amosi aliwakemea wafanya biashara wa Israeli waliouza hata takataka za ngano. Sura ile tumeihubiri mara nyingi, wala hatukujiona ndani yake.

Mwalimu mmoja wa mtaa wetu, tulipomweleza hayo, alitupinga. Alisema, “Je, tusiuze mpaka tumetazama punje moja moja? Nani atalipa siku zile?” Hoja yake ina haki. Mtu akitangaza wazi, Haya hayajachambuliwa, akapunguza bei, hakumwibia mtu.

Tena ziko kazi ambazo muuzaji hawezi kumfanyia mpishi. Maharagwe yalowekwe usiku kucha. Punje zilizotobolewa nyingi zitaelea, na maji yale yamwagwe. Maharagwe mekundu yana sumu isiyoonekana kwa jicho. Hata punje 4 au 5 mbichi zaweza kumtapisha mtu. Hayana budi kuchemka kwa nguvu dakika 10 au zaidi, wala yasiachwe juu ya moto hafifu tangu mwanzo, maana moto usiochemsha hauiondoi sumu ile. Na yale yaliyokaa ghalani muda mrefu penye joto na unyevu huwa magumu. Wengine hutia magadi, nayo hulainika upesi, lakini magadi huharibu vitamini B1. Hayo yote ni ya mpishi, wala hatumdai muuzaji.

Basi jiwe ni la nani? Sisi twaona hivi: jiwe ambalo muuzaji hakuliona ni la wote wawili, naye mnunuzi asilalamike sana. Lakini jiwe aliloliona akaliacha ni lake yeye, hata likiwa limefika kinywani mwa mtu mwingine. Mwalimu yule akacheka, akasema, “Basi heri mtu asitazame kabisa!” Nasi tulicheka, lakini usiku ule hatukulala vema, kwa kuwa sisi tulikuwa karibu kufanya hivyo hasa. Mtu ageuzaye uso kusudi asione, amejuaje upande wa kugeukia? Amekwisha kuona.

Msimu uliofuata tulitandika turubai. Pishi moja tuliitenga kwa ajili ya yule bibi, tukaichambua wenyewe, tukiwa tumevaa miwani, na watoto wakatucheka. Tulipompelekea alitushukuru, akaomba ungo wake. Akaimwaga pishi yote mbele yetu, akaanza kupitisha vidole punje kwa punje, tangu ukingo mmoja hata wa pili. Hatukumzuia.