Askari wa Mgunga Hunywa Chai

Kuna methali ambayo Wakenya tumeichosha: mbuzi hula urefu wa kamba yake. Kila karani anayetaka kitu kidogo anayo mdomoni. Ukibisha unaambiwa, "Buda, hata maumbile yako hivyo." Sawa, tuyaulize maumbile.

Huko Laikipia, kwenye udongo mweusi unaonata miguuni mvua ikinyesha, kuna mgunga unaopiga mluzi upepo ukivuma. Miiba yake mingine imevimba chini kama vibuyu vidogo, na humo ndani wanaishi sisimizi. Mti unawapa keja na nekta, wao wanaulinda. Tembo akileta mkonga, wanamvamia hadi ndani ya pua.

Sasa anakuja kipepeo, Anthene usamba. Jike hutafuta mgunga wenye sisimizi wa aina ya Crematogaster mimosae, halafu anataga mayai papo hapo chini ya ulinzi. Kiwavi wake anapata kibuyu, chumba cha peke yake. Halindi chochote, na bado huwaomba sisimizi chakula, nao humtapikia mdomoni. Kwa nini hawamfukuzi? Mgongoni ana tezi yenye majimaji matamu, na askari huja kuyanywa kila baada ya muda. Hiyo ni chai, si ndio?

Mimi nasema hapana. Rushwa haianzi na utamu, inaanza na ahadi. Sisimizi hakuapa mbele ya mtu, wala mti haukumwambia "nakuamini". Pasipo ahadi hakuna usaliti. Kwa hiyo karani hawezi kujificha nyuma ya mdudu: yeye aliahidi.

Lakini hoja hii inakata pande mbili. Kwenye ploti ninayokaa, askari wa usiku alifutwa kazi kwa kumfungulia mtu lango baada ya kupewa soo mbili. Asubuhi pikipiki ya mpangaji haikuwepo. Alikosea, na sina neno la kumtetea. Ila mshahara wake ulikuwa umecheleweshwa miezi miwili, na kwenye kikao cha wapangaji hakuna aliyelitaja hilo. Kwani ahadi ni ya nani peke yake?

Mwaka 1995 watafiti walizungushia ua vipande vya ardhi huko Laikipia, wanyama wakubwa wasiingie. Miaka 10 baadaye, migunga ya ndani, isiyoliwa tena na twiga wala tembo, ilikuwa imepunguza nekta na vibuyu. Ungedhani mti uliobana matumizi ungenawiri. Wapi! Sisimizi waligeukia kufuga vijidudu vinavyofyonza utomvu wa mti huohuo, na kwenye miti mingi walinzi hao wakang'olewa na aina nyingine isiyojali kulinda. Miti ikakua polepole, na mingi zaidi ikafa.

Maumbile hayamsamehi karani, na hayamhukumu pia. Yanatuonyesha tu kinachofuata malipo yakikatwa. Kuhukumu ni kazi yetu, na ni uvivu kuhukumu upande mmoja. Mimi bado nasema askari aliuza lango. Nasema pia kwamba sisi tulikuwa tumeshavunja ahadi yetu kwake, mwezi wa kwanza alipolala njaa getini petu.

Ukisikia tena ile methali ya mbuzi, uliza kamba ilifungwa na nani, na mbona ni fupi hivyo.