Aliyeotea Hakuandika

Tarehe 14 Juni 2015, Jon Snow alichomwa visu na askari wenzake akaachwa anavuja damu juu ya theluji, na sezoni ya tano ya Game of Thrones ikaishia hapo. Ilipita miezi zaidi ya kumi kabla watazamaji hawajaona kilichofuata. Muda wote huo wapenzi wa tamthilia waligeuka wapiga ramli. Wapo waliohesabu majeraha. Wapo waliopekua vitabu upya, na wapo waliochunguza nywele za mwigizaji Kit Harington kila alipopigwa picha barabarani, kwamba kama hajazinyoa basi bado ana kazi. Mei 2016 Jon Snow akafufuka, na waliokuwa wakiitwa wapuuzi wakatamba.

Kusini mwa Maniema ubishi huu una sura yake. Filamu hufika Kasongo na Kabambare kwa kuchelewa, ndani ya flashi au kadi ya simu, mfukoni mwa mtu aliyeshuka kwenye pikipiki yenye matope hadi kwenye tangi. Kwa hiyo mbele ya televisheni moja inayoendeshwa kwa grupe, yaani jenereta, hukaa watu wa aina mbili: anayekisia, na aliyekwisha kuona kila kitu akiwa Kindu au Bukavu. "Yaya, huyu hafi," husema wa kwanza. "Ngojea," hujibu wa pili, na kicheko chake peke yake kinatosha kuharibu uhondo. Halafu hupita mzee anayetoka kuswali, naye hutia lake: mambo ya kesho ni ya Mungu, ninyi mnayasemea nini?

Hoja ya mzee si ya kupuuzwa. Uislamu ulifika Kasongo na misafara ya karne ya 19, na elimu ya ghaibu ni somo ambalo mtoto wa madrasa hulisikia mapema. Aya ya mwisho ya sura Luqman inataja mambo ambayo Mungu ndiye mwenye kuyajua, na mawili kati yake ni hayahaya yanayogombaniwa na watazamaji: mtu atavuna nini kesho, na atafia nchi gani.

Jibu jepesi lipo. Kifo cha Jon Snow si ghaibu. Kiliandikwa na binadamu, kikapigwa picha, kikawekwa kwenye kompyuta kikisubiri tarehe. Anayekisia hachungulii kitabu cha Mungu. Anajaribu kusoma akili ya George R. R. Martin, mwandishi wa vitabu vilivyozaa tamthilia hiyo, mzee wa kofia anayeishi Santa Fe, Marekani. Jibu hili ni sahihi, ila linaondoa swali moja na kuacha lililo gumu zaidi. Ikiwa mwisho umekwisha kuwepo mahali fulani, wale waliomo ndani ya hadithi wana hiari gani?

Aristotle aliliuliza swali hilo kwa mfano wa vita vya majini vitakavyopiganwa kesho. Mtu wa Kasongo hahitaji bahari kulielewa. Tarehe 22 Aprili 1893 mji huo ulitekwa na majeshi ya Dola ya Kongo ya Mfalme Leopold yaliyoongozwa na Francis Dhanis. Sasa tuseme mwaka mmoja kabla, mtu barazani alitamka kwamba Kasongo itaanguka siku hiyo. Je, maneno yake yalikuwa kweli tangu alipoyatamka? Kama yalikuwa kweli, basi Sefu, mwana wa mfanyabiashara Tippu Tip aliyebaki kuongoza vita baba yake akiwa Unguja, alikuwa akipanga nini usiku na mchana? Na kama hayakuwa kweli wala uongo, Mungu alikuwa akijua nini?

Al-Farabi, mwanafalsafa aliyefariki mwaka 950, aliandika sherehe ya kitabu cha Aristotle chenye mfano huo na kukutana na fundo hili. Mfano wake ni mdogo sana: mtu aitwaye Zaidi atasafiri kesho. Mungu anajua kwamba atasafiri, kwa hiyo atasafiri. Lakini uwezo wa Zaidi kubaki nyumbani, anasema Al-Farabi, hauondolewi na kujulikana huko. Ulazima uko katika kufuatana kwa maneno mawili, haumo katika miguu ya Zaidi. Wapo wanaoona hapo anakwepa. Mwandishi wa makala haya anaona amegusa penyewe: kujua na kusababisha ni kazi mbili. Aliyeotea kwamba Jon Snow atafufuka hakumfufua.

Isipokuwa mara nyingine kuotea kunafanya kazi hasa, na ushahidi mzuri uko hapahapa karibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1870, Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alipata habari za mtemi mzee wa Utetela, Kasongo Rushie, ambaye dada zake walitekwa zamani na hawakuonekana tena. Tippu Tip akatangaza kwamba bibi yake ndiye mmojawapo wa wale waliopotea. Yeye ni mjukuu, amerudi nyumbani. Mzee akamkubali na kumkabidhi utemi. Kisa hiki tunacho kwa maneno yake mwenyewe, katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili kabla ya kufariki mwaka 1905, na kwa kawaida wanahistoria hukisoma kama hila.

Ni kisa kilekile cha Jon Snow: mtoto asiyejulikana asili yake, ambaye kumbe ana damu ya kifalme. Wasomaji wa Martin walianza kuotea siri hiyo miaka ya 1990, na televisheni ikaja kuithibitisha mwaka 2016. Tofauti ni kwamba huko Utetela hapakuwa na mwandishi wa kuthibitisha. Nyumba iliyopoteza mabinti ilikuwa ikimngojea mtu wa kuja kusema maneno yale, na mwenye masikio akayasema. Tumaini likageuka ithibati, na ithibati ikazaa utawala, pembe za ndovu na mateka.

Upo pia utabiri unaojifuta. Yona, ambaye Waislamu humwita Yunus, aliwatangazia watu wa Ninawi maangamizi. Wakatubu, na maangamizi hayakuja. Biblia inasema nabii alikasirika, akaenda kukaa mashariki ya mji aone litakalotokea. Mtazamaji yeyote aliyewahi kuapa kwamba fulani atakufa, kisha fulani akapona, anaijua hasira hiyo. Waandishi wa televisheni nao hujaribiwa kuyafuta yaliyotabiriwa. Jonathan Nolan wa tamthilia ya Westworld alisema hadharani mwaka 2017 kwamba watazamaji walikuwa wamekwisha kuotea siri mojawapo, nao wakaibadilisha. Martin amechukua njia nyingine: wapo waliootea sawasawa, na hatapindua hadithi kwa ajili hiyo, kwa sababu dalili zilipandwa tangu mwanzo.

Martin ndiye mwenye haki. Siri ikibadilishwa kwa kuwa imeotewa, anayeadhibiwa ni msomaji makini. Dalili alizoziamini zinageuka uongo, na hadithi inabaki kama mchezo ambao mwenye karata anazibadilisha chini ya meza.

Wanyanga wa Walikale, kaskazini ya Maniema, hawakuhitaji siri hata kidogo. Mwaka 1956 Shekarisi Rureke alimsimulia mtafiti Daniel Biebuyck utenzi wa Mwindo kwa siku 12, akiimba na kucheza. Kwa kawaida msimulizi hakuutoa mzima mfululizo, alichagua vipande. Waliomsikiliza walijua kwamba Shemwindo atamtia mwanawe Mwindo ndani ya ngoma na kuitupa mtoni, na walijua kwamba mtoto atapona. Kuzimu, Mwindo anamtaka Sheburungu, mungu mwumbaji, amtoe baba yake aliyejificha huko, na Sheburungu anamwambia kwanza wacheze wiki, mchezo wa bahati wa mbegu. Mwindo anapoteza fedha, mbuzi, kila kitu, mpaka anaweka rehani usinga wake, conga. Hapo bahati inageuka, na mungu ndiye anayefilisiwa. Mwumbaji anayeshindwa mchezo na mtoto! Mzee wa msikitini angeguna, lakini angekaa asikilize.

Game of Thrones ilipomalizika tarehe 19 Mei 2019, zaidi ya watu milioni moja walikuwa wametia saini kutaka sezoni ya mwisho itengenezwe upya. Lakini mhusika Daenerys kuuteketeza mji ni jambo ambalo wengi waliliotea mapema. Malalamiko yalikuwa kwamba njia ya kufika huko ilirukwa. Na mhusika mwingine, Bran, alipopewa ufalme, wengi hawakukumbuka dalili yoyote iliyowaandaa.

Vitabu vyenyewe havijaisha. Cha tano kilitoka mwaka 2011, cha sita bado kinangojewa. Martin hujieleza kuwa yeye ni mwandishi wa aina ya mkulima wa bustani, anayejua amepanda mbegu gani bila kuwa na ramani ya kila tawi. Hapo mlinganisho wa mwandishi na Mungu, uliotusaidia mpaka hapa, unakatika: hakuna mwanatheolojia wa Kasongo, awe shehe au padri, atakayekubali Mola anayesubiri kuona mti wake utainamia wapi. Ila kwa Jon Snow wa vitabuni, ambaye bado amelala kwenye theluji tangu mwaka 2011, inawezekana kabisa kwamba mbishani wa Kabambare na mwandishi wa Santa Fe wote wawili wanaotea.