Kiota na Nyumba Mpya



Mwezi wa pili baba mdogo alinipigia simu kwa furaha. Kuna kiwanja nje kidogo ya Sumbawanga, bei karibu nusu ya vile vya kule juu, na mwenyewe anakubali kulipwa kidogo kidogo. Nikapanda bodaboda kwenda kukiona. Kumbe ni bondeni. Udongo mweusi, matete yamenizidi kimo, miguu inazama mpaka kwenye vifundo. Dalali akaniambia, "Usiogope maji, kijana. Unamwaga kifusi tu, tripu kumi zinatosha."

Wakati anaongea, ng'ambo ya mfereji walikuwa wanatembea korongo taji wawili, wale ndege wenye taji la dhahabu kichwani. Tangu 2012 wamo kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka, na sababu mojawapo kubwa ndiyo hiyo niliyokuwa nimeisimamia kwa viatu vyangu. Wao hutaga chini, katikati ya majani ya maeneo oevu, na maeneo oevu yanakwisha.

Sasa niambieni. Mimi nimepanga chumba kimoja na nataka kufunga ndoa. Je, ni dhambi kujenga pale?

Jibu nilianza kulipata mahali ambapo sikutegemea, Kumbukumbu la Torati sura ya 22. Aya ya 6 na 7 zinasema ukikuta kiota njiani, ndege mama amelalia mayai au makinda, unaweza kuchukua makinda, lakini mama mwachie aende, ili upate heri na siku nyingi. Halafu aya ya 8, papo hapo: ukijenga nyumba mpya, zungushia ukuta mdogo juu ya paa, mtu asije akaanguka ukabeba damu yake. (Paa za kule zilikuwa bapa, watu walikaa juu.) Kiota, kisha nyumba mpya. Miaka yote nasikia Neno hili na sikuwahi kuona kwamba wamewekwa majirani.

Angalieni vizuri: sheria ya kiota haimkatazi mwenye njaa kula. Inamkataza kumchukua na yule anayetaga. Kule bondeni akina mama wanalima kabichi na mchicha wakati wa kiangazi, masika maji yanarudi na ndege wanarudi. Huko ni kuchukua makinda. Kifusi na msingi wa zege ni kumchukua mama, hakuna msimu mwingine tena. Hata Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, inapoweka zile mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, inataja kwanza shughuli za kudumu.

Naye Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya 2015, alisikitika kwamba viumbe tunavyovimaliza havitamtukuza tena Mungu kwa kuwapo kwake tu, na akasema haki hiyo hatuna. Nikawawaza na mbega wekundu wa msitu wa Mbizi, hapo hapo karibu na mji, nao wako hatarini.

Lakini jamani, ni rahisi kuhubiri ukiwa unakaa kilimani. Baada ya Misa nilimweleza haya jirani mmoja aliyejenga bondeni, akanijibu, "Ndege wana Mungu wao, mimi nina watoto wanne." Nilinyamaza. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana kiwanja kilichopimwa hakimudu.

Nilirudi kwenye aya ya 8. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu Dar es Salaam, bonde la Msimbazi likajaa, na baadhi ya familia zikahamishiwa Mabwepande. Desemba 2015 serikali ikabomoa nyumba bondeni humo. Aliyelala nje na watoto hakuwa dalali. Kwa hiyo aliyeuza tope kama kiwanja ndiye wa kuulizwa kwanza juu ya damu, siyo yule jirani. Wa pili ni mtu kama mimi. Mimi sina watoto wanne. Naweza kusubiri miaka miwili nikadunduliza. Kujificha nyuma ya umaskini wa jirani yangu ili nipate bei nafuu, hiyo naiita dhambi, na niliikaribia sana.

Nilipokataa, baba mdogo hakufurahi. Alisema kitachukuliwa na mwingine, na kweli. Jumapili iliyopita nilipita pale, tripu mbili za kifusi zimeshamwagwa upande wa barabara. Korongo nilimwona mmoja tu, amesimama mbali kidogo na kifusi. Mwenzake labda alikuwa amelalia mayai. Nimemwomba dalali anikutanishe na mnunuzi kabla hajaleta tripu ya tatu. Amesema atanipigia.