Biti ya Kuazima, Uchungu wa Nani?

Nguo ya kuazima haisitiri matako, wamesema wazee. Mimi kila nikiufikiria msemo huu naona unagombana na historia yetu wenyewe. Sisi wa Unguja ukituvua vyote vya kuazima, sijui tutabaki na nini. Taarab tunayojivunia mbele ya wageni ilitoka Misri. Sultani Barghash ndiye anayetajwa kumpeleka Mohamed bin Ibrahim Cairo akajifunze kupiga kanuni. Ikhwani Safaa ikaanzishwa mwaka 1905, na kwa muda mrefu nyimbo ziliimbwa Kiarabu, wasikilizaji wengine wakitikisa vichwa kwa utamu wa sauti tu, maneno hawayajui.

Kwa hiyo sitaki kuuliza kama kuazima ni halali. Hilo lilishaamuliwa kabla hatujazaliwa. Nauliza hivi: kipi kinaazimika, na kipi hakiazimiki?

Chukua rapu ya Kiswahili ilipoanza. Mwaka 1991 Saleh Jabir, Saleh J wa wengi, alitoa kanda ya Swahili Rap, na humo akaichukua Ice Ice Baby ya Vanilla Ice akaitilia maneno ya Kiswahili. Wapo wanaomcheka mpaka leo, eti huyo alikuwa mkalimani tu. Haya, lakini besi ya wimbo ule Vanilla Ice mwenyewe aliitoa kwa Queen na David Bowie, wimbo wao wa 1981. Na rapu nzima, Vanilla Ice aliipata kwa vijana weusi wa Marekani. Mwizi ni nani hapo? Ukifuata kamba hiyo hutomfika mwenye mali, utachoka njiani. Baadaye, 1993, likaja kundi la Kwanza Unit, nao mwanzoni walichana sana kwa Kiingereza, maana kipimo cha ubora kilikuwa New York.

Nilidhani hii ni aibu yetu peke yetu, ya watu waliotawaliwa. Lakini hapa Bwejuu wageni wa Kijerumani hawakosekani, na mmoja alinikuta nasikiliza rapu za zamani akaniambia: hata kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Kijerumani changu ni cha kuuzia madafu, ila nilitafuta nikasoma. Kumbe Die Fantastischen Vier wa Stuttgart nao walianza kwa Kiingereza, wakijiita Terminal Team. Wawili wao wakaenda Marekani miezi kadhaa, na huko wakaona wazi kwamba maisha wanayoyaigiza si yao. Wao ni watoto wa nyumba za starehe. Wakarudi wakachana Kijerumani, mambo ya mapenzi na masihara, albamu ya kwanza ikatoka 1991. Mwaka huohuo wa Saleh J!

Mwaka uliofuata, Advanced Chemistry wa Heidelberg wakatoa Fremd im eigenen Land, yaani mgeni katika nchi yangu mwenyewe. Hawa walikuwa watoto wa Ujerumani wenye asili ya Haiti, Ghana na Italia, wana pasipoti ya Kijerumani mfukoni, na bado wanaulizwa wametoka wapi. Lugha ileile, ukweli tofauti. Hapo nikajifunza jambo: kubadilisha lugha hakutoshi. Unaweza kusema uongo kwa lugha ya mama yako, tena uongo ukanoga zaidi.

Mpwa wangu ananithibitishia hilo. Anachana, tena ana pumzi, mashaallah. Ila kwenye nyimbo zake amefungwa jela, amepigwa risasi, amewazika wenzake. Siku moja mama yake anarudi pwani, miguu imechubuka, mwani mgongoni, akasimama akamsikiliza. Akamuuliza, "We mwanangu, umefungwa lini?" Kijana akajibu, "Mama, hii ni hip hop, ndivyo ilivyo." Mama hakubishana naye. Akaanika mwani wake, ule ambao siku hizi unaoza kabla haujakomaa kwa sababu maji yamekuwa moto.

Ni rahisi kusema hapo: basi kila mtu aimbe yaliyompata mwenyewe. Mimi nakataa, na anayenikatalia ni Siti binti Saad. Mtoto wa Fumba, binti wa mfinyanzi, ndiye aliyeivisha taarab Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda Bombay kuzirekodi nyimbo zake. Mmoja wa nyimbo zake maarufu, Kijiti, unahusu mwanamke mgeni aliyeuawa hapa Unguja. Muuaji akakimbilia bara, na wanawake waliotoa ushahidi ndio waliotiwa hatiani. Siti hakuwa yule marehemu. Uchungu haukuwa wake, na aliubeba.

Tofauti iko wapi, basi? Siti alishuhudia, mpwa wangu amevaa. Shahidi anasimama kwa jina lake, anasema niliyaona au niliyasikia, na akidanganya majirani watamsuta. Anayevaa uchungu wa mtu hana wa kumsuta, maana waliofungwa kweli wako mbali, hawatomsikia. Anapata ushujaa bila ya gharama. Hiyo kwangu ndiyo dhulma, wala si biti.

Kwa hiyo simwambii kijana aiache rapu arudi kwenye ngoma za mababu. Biti aichukue, hata ya Stuttgart. Lakini kila cha kuazima kina deni, na deni la biti hulipwa kwa kusema kitu ambacho aliyekuazima asingeweza kukisema yeye. Huko Brooklyn hakuna anayejua mwani unavyooza, wala Kikae cha watu wa kusini ambacho redio hazikitaki. Hayo akiyasema yeye, kuna watu hapahapa kijijini wa kumwambia, "Kweli," au "Muongo we." Msanii ambaye hakuna awezaye kumwambia muongo, huyo bado hajasema kitu.